Kwa nini video ya ndoa yako inakawia, na kwa nini aliyeipiga anachoka

Iwe Goma, Bukavu, Butembo, Bunia ao Uvira, lawama ni ile ile. Ndoa ilifanyika siku ya posho, wageni wamerudi kwao, juma mbili zimepita na familia haijaona video. "Huyu kijana alikula avansi yetu, sasa hata telefone hashiki." Wako kweli vijana wenye kukimbia na avansi, hatutawatetea hapa. Lakini mara nyingi kijana yuko nyumbani mbele ya mashini yake, anafanya kazi ambayo hakuna mtu aliyekubali kuilipa.

Shida inaanzia kwenye kitu ambacho mteja anaona. Anaona kamera, anaona mtu akizunguka saleni tangu asubuhi mpaka usiku, halafu anapima bei kwa siku ile moja. Kwa fundi wa video, siku ile ni sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa inaitwa montaji, na inafanyika wakati hakuna mtu anayeangalia.

Tufanye hesabu kidogo. Kamera inayopiga kwa kiwango cha megabiti 50 kwa sekunde inajaza giga 22 na nusu kila saa. Kwenye ndoa moja, kamera mbili, moja ya mbele na moja ya pembeni, zinaweza kurudi na masaa manne manne ya picha. Hiyo ni masaa 8, sawa na giga 180. Fundi mwenye akili anaweka kopi ya pili kwenye diski ingine, maana diski ikianguka chini ndoa haiwezi kurudiliwa. Sasa ni giga 360, kwa familia moja tu. Zidisha kwa ndoa zote za mwezi wa nane ao wa kumi na mbili, utaelewa kwa nini anaomba diski mpya kila mara.

Kuangalia masaa 8 ya picha mara moja tu, bila kukata kitu, ni siku nzima ya kazi. Ndipo anaanza kuchagua. Analinganisha sauti ya mikro na midomo ya pasta. Anasawazisha rangi, kwani saleni kulikuwa taa nyekundu upande huu na taa ya manjano upande ule, na bibi-arusi anaonekana kama watu wawili tofauti. Mwishoni anaambia mashini itoe filme. Video ya kwetu kwa kawaida ina picha 25 kila sekunde, kwa hiyo filme ya saa moja ni picha 90 000 ambazo mashini inapaswa kuzitengeneza moja baada ya ingine. Umeme ukikatika kati, mara nyingi inabidi kuanza upya. Fundi anawasha grupu, na esanse ile anainunua kwa makuta yake mwenyewe, maana wakati wa kupatana bei hakuna aliyefikiri juu ya esanse.

Halafu filme inatolewa, na ndipo maneno mengine yanaanza. "Petit, ni mzuri sana, lakini utoe yule tantine mwenye kitenge ya bluu, tuko na kesi naye." Kesho yake: "Badilisha muziki." Kesho kutwa: "Rudisha muziki wa kwanza." Kila moja ya hizo sentensi kwa mteja ni kitu ya dakika mbili. Kwa fundi ni kufungua kazi yote, kukata, kuunganisha, na kungojea tena picha 90 000. Na ikiwa familia inaishi Kindu ao Kinshasa na inataka faili kwa intaneti, filme ya giga 4 kwenye mtandao unaotuma megabiti 2 kwa sekunde inachukua zaidi ya masaa manne, kama mtandao haukatiki. Unakatika.

Juu ya muziki tuseme jambo moja, kwa sababu kesi hii inaharibu urafiki mwingi. Unapoweka video ya ndoa kwenye Facebook na sauti inanyamazishwa, si fundi aliyekosea kazi. Mtandao umetambua wimbo wenye mwenyewe, na unalinda haki ya mwimbaji. Ulisema unautaka wimbo ule, akauweka.

Wengi wanafikiri kwamba dawa ni kuacha ndoa na kwenda kufanya kazi na mashirika. Kweli, bei ni ingine. Lakini faktire ya shirika inaweza kukaa siku 30, siku 60, hata zaidi, wakati kijana ameshalipa pikipiki ya kwenda na kurudi, amekodi kamera na amelisha mwenziwe. Mabenki yalipofunga milango Goma mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi wa pili, ugumu uliongezeka: makuta yakapaswa kupitia telefone, na kila anayeyapitisha anakata yake. Diski nayo ilikosa njia wakati uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwezi ule wa kwanza. Kitu kilichokuwa kinapanda ndege kikaanza kuzunguka kwa barabara, mipaka kwa mipaka, mfukoni mwa mtu unayemwamini.

Kuna pia swali la jina. Mwandishi anatoka mbali, anamchukua kijana wa hapa kwa sababu anajua njia, lugha na watu. Kijana huyo anapanga mahojiano, anatafsiri, na mara ingine ndiye anashika kamera. Filme ikitoka, ameandikwa kama mtu wa kusindikiza, ao hajaandikwa kabisa. Mwaka unaofuata anaomba kazi kwingine, anaulizwa: "Umefanya nini?" Hana cha kuonyesha. Na si kwamba hapa kwetu hakuna wenye uwezo. Yole!Africa ya Petna Ndaliko Katondolo imefundisha vijana filme hapa Goma kwa miaka mingi. Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, alifuata watu waliolemazwa na vita ya siku sita ya mwezi wa sita 2000, wakishuka mto mpaka Kinshasa kudai fidia. Filme hiyo, En route pour le milliard, iliingia kwenye orodha rasmi ya Cannes mwaka 2020.

Lakini uchovu mkubwa kuliko yote, ule ambao mafundi wenyewe hawapendi kuusema, unatoka kwenye ushuhuda. Katika majimbo yetu, sehemu kubwa ya video inayoagizwa ni watu wanaosimulia walichofanyiwa: mama aliyebakwa, mtoto aliyetoka kwenye kundi la silaha, mzee aliyekimbia kijiji. Anayehoji anasikia maneno hayo mara moja. Fundi wa montaji anayasikia mara 20, mara 30. Anatafuta mahali pa kukata, anarudisha nyuma, anasikia pumzi kabla ya neno, anarudisha tena. Shirika linapanga daktari wa roho kwa ajili ya anayesimulia, na ni vema. Kwa kijana aliyebaki na sauti ile masikioni usiku, hakuna kilichopangwa. Mara nyingi hata wazo lake halikuwepo.

Na juu yake kuna mzigo wa usalama. Wengi wanadhani kuficha sura kunatosha. Haitoshi. Sauti inajulikana, hasa kijijini. Kitenge kinajulikana. Mlango wa kanisa nyuma, ao umbo la mlima, unamwambia mtu wa pale ni wapi hasa picha ilipigwa. Basi fundi anabadilisha sauti, anakata nyuma, anaacha mikono peke yake. Ni kazi ya uangalifu mkubwa, na inaweza kuongeza siku mbili kwenye filme ya dakika tatu. Mteja anauliza: "Mbona dakika tatu zinachukua juma nzima?"

Hata hapo haijaisha. Faili ya kwanza, ile yenye sura wazi, iko bado kwenye diski. Diski iko kwenye mfuko. Mfuko unapita kwenye barieri. Shirika linataka faili zote kama ushahidi wa kazi. Aliyesimulia anataka zisibaki mahali popote. Kati ya hao wawili amesimama kijana asiye na barua ya kazi, na ndiye ataulizwa: "Hapa ndani muko nini?" Jambo hilo linapaswa kuamuliwa kabla kamera haijawashwa: nani anabaki na faili, kwa muda gani, na nani anazifuta. Tena iandikwe.

Kuandika, ndipo mambo mengi yangepungua. Sheria ya Kongo iko: ile ya tarehe 5 mwezi wa ine 1986 inalinda haki za watunzi, na kazi za video zimo, pamoja na haki ya kutajwa jina. Kuna pia SOCODA, shirika linalosimamia haki hizo. Lakini sheria haimsaidii sana mtu ambaye mapatano yake yote yalifanyika mlangoni kwa maneno "tutaonana, ndugu". Karatasi moja inatosha, hata ujumbe wa WhatsApp ambao pande zote mbili zimejibu "ndiyo": bei ni ngapi, avansi ngapi, filme ya dakika ngapi, itatoka tarehe gani, marekebisho mara ngapi bila kulipa. Wengi wanakubaliana marekebisho mara mbili. Ya tatu inalipwa. Kwa familia pia ni faida, maana tarehe ikiandikwa una haki ya kuidai, na kijana hawezi tena kujificha nyuma ya umeme.

Uliza pia faili za kwanza zitakaa muda gani, kwa sababu hapo watu wanaumia bila kujua. Filme ya ndoa inachukua labda dakika mbili za maneno ya baba. Alizungumza dakika kumi na tano. Miaka miwili baadaye baba amefariki, na watoto wanarudi kwa fundi wakitaka maneno yote, na kukohoa kwake na mizaha yake. Kama hawakuleta diski yao wakati ule, wala hawakulipa ya kuhifadhi, uwezekano mkubwa ni kwamba faili ile ilifutwa zamani, kwa kupata nafasi ya ndoa ya juma lililofuata.