Je, Wajua? Komba wa Madungu, Buku wa Morogoro

Utotoni, kwetu Madungu pale Chake Chake, Pemba, mgema mmoja jirani yetu aliteremka mnazini alfajiri akiwa na mtoto wa komba ndani ya kikapu. Wagema wanamjua komba kuliko mtu yeyote, kwa sababu usiku hupanda minazi inayogemwa akajinywea tembo kwenye kibuyu. Sisi watoto tulimshangilia. Ana macho kama ya mtu aliyeamshwa ghafla, na vidole vinavyoshika kama vya kichanga. Tukampa wali, akaugusa akauacha. Mchana kutwa alilala. Usiku akaanza kulia, na sauti yake ni ya mtoto hasa, mpaka jirani wa pili akagonga mlango kuuliza nani anaumwa. Kilichotusumbua zaidi ni harufu: viganja vyake vilinuka mkojo, tukamwosha, baada ya saa moja vikanuka tena. Siku ya tatu bibi akasema, "Wanangu, huyu mrudisheni kwao kabla hajakufa mikononi mwenu." Tukamrudisha.

Je, wajua kwa nini alinuka? Komba hujikojolea viganjani na kwenye nyayo kwa makusudi. Kila tawi analolikanyaga hubaki na harufu yake, na kwa harufu hiyo wenzake hujua nani kapita na nani mwenye eneo. Sisi tulidhani tunamsafisha, kumbe kila tulipomwosha tulikuwa tunamfutia jina lake. Na tulimpa wali mnyama anayekula matunda, wadudu na ulimbo wa miti.

Je, wajua kwamba suala la mtoto na kiumbe chake cha kuchezea lina darasa refu katika vitabu vya hadithi za Mtume? Anas bin Malik alikuwa na mdogo wake aliyeitwa kwa lakabu Abu Umayr, na mtoto huyo alikuwa na kindege kidogo, nughayr. Kindege kilipokufa mtoto akahuzunika, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomkuta akamuuliza kwa upole habari za nughayr wake. Kisa chenyewe kinakwisha hapo. Lakini mwanachuoni Ibn al-Qass, aliyeishi karne ya kumi, alikaa akatoa faida 60 kutokana na maneno hayo machache, na moja inayotajwa sana ni kwamba mtoto anaweza kufuga ndege maadamu hamtesi. Wanavyuoni wanapofika hapo hukikumbusha kisa cha pili, cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie riziki ardhini. Mimi naviona visa hivi viwili kama mlango na kizingiti chake. Ruhusa ipo, na imefungamana na kumjua mnyama anahitaji nini.

Je, wajua kwamba mvulana mmoja wa Ubelgiji aliyefuga panya chumbani kwake ndiye aliyewaleta buku wa Morogoro kwenye habari za dunia? Jina lake Bart Weetjens. Alikuwa akiwazalisha panya wa aina mbalimbali na kuwauza kwenye maduka ya wanyama, na katika kuwafuga akajifunza mambo mawili: wanafundishika, na pua zao hazina mfano. Miaka ya 1990, akitafuta njia rahisi ya kugundua mabomu ya ardhini barani Afrika, akawakumbuka. Profesa Ron Verhagen wa Chuo Kikuu cha Antwerp, bingwa wa panya, akamshauri atumie panya buku wa Afrika, kwa sababu anaishi miaka mingi, hufika hata minane akitunzwa, na kwa hiyo kazi ya kumfundisha haipotei bure. Shirika likaitwa APOPO, na mwaka 2000 likahamia Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu wengi wetu tunamjua buku kama mwizi wa muhogo na nazi. Ni mkubwa, kilo moja na zaidi, na mkia wake ni mrefu kuliko kiwiliwili. Mashavuni ana mifuko anayojazia chakula mpaka uso unavimba, kisha anakwenda kukificha shimoni. Haoni vizuri. Dunia yake yote iko puani.

Malezi yake Morogoro yanaanza kitoto kikiwa na wiki chache tu, mara macho yakifumbuka. Walezi humbeba kila siku. Humzoesha mikono ya watu, milio ya magari, nyasi zenye umande, sakafu ya saruji, ili akikua asishtuke. Kisha hufundishwa mlio mdogo wa "ta!" unaotoka kwenye kidude cha mkononi: mlio ukilia, chakula kinakuja, ndizi au karanga. Akishaelewa hivyo anaanza kunusishwa harufu ya baruti aina ya TNT. Akiitambua, mlio, asipoitambua, kimya. Hakuna fimbo wala kelele. Mafunzo yote huchukua takriban miezi tisa, na mwisho wake upo mtihani wa uwanjani ambamo buku lazima ayapate mabomu yote. Likimpita hata moja, anarudi darasani.

Uwanjani hufungwa kamba nyepesi kiunoni, akatembea baina ya walezi wawili. Akinusa baruti chini ya udongo hukwaruza juu yake, na kwa kuwa ni mwepesi bomu halilipuki. Vyuma chakavu na misumari haimshughulishi, na hilo ndilo linalompa kasi, kwa sababu mashine ya kutafuta chuma hulia kwa kila kifuniko cha soda. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi buku hulimaliza kwa nusu saa, na mtu mwenye mashine anaweza kuchukua mpaka siku nne. Kazi hufanywa asubuhi mapema kabla jua halijawaka, na walezi huwapaka masikioni na mkiani mafuta ya kuwakinga na jua. Nilipoliona hilo kwenye picha mara ya kwanza nilinyamaza. Mtu anampaka panya mafuta masikio, sikio moja baada ya jingine, kama mama anavyompaka mwanawe.

Msumbiji ilitangazwa kuwa haina tena mabomu ya ardhini mwezi Septemba 2015, na buku wa Morogoro walikuwa miongoni mwa waliosafisha. Magawa, aliyezaliwa Tanzania Novemba 2013, alipelekwa Kambodia, na mwaka 2020 taasisi ya Uingereza ya PDSA ikamtunuku nishani ya dhahabu ya ushujaa, panya wa kwanza kuipata. Alistaafu 2021, akafa Januari 2022 kwa uzee. Baada yake akaja Ronin, naye mzaliwa wa Tanzania: kufikia mwaka 2025 alikuwa amegundua mabomu ya ardhini 109, rekodi ya dunia kwa panya.

Wenzao walibaki Morogoro na Dar es Salaam kwenye kazi ya hospitali. Sampuli za makohozi ambazo vituo vya afya vimekwishazipima na kusema hazina kifua kikuu, buku hunusishwa tena, na anapositasita juu ya sampuli fulani, maabara huirudia kwa kipimo kingine. Sampuli 100 huzimaliza kwa dakika 20 hivi. Wapo wagonjwa wanaomeza dawa leo kwa sababu panya alisimama juu ya kikopo chao. Na mwaka 2024 watafiti walitoa matokeo ya buku waliofundishwa kunusa magamba ya kakakuona, pembe za ndovu, pembe za kifaru na mpingo, ili wasaidie kukagua makontena bandarini.

Je, wajua kwamba buku naye, akifugwa na asiyemjua, aliwahi kuleta maradhi? Aprili 2003 shehena ya wanyama wadogo wapatao 800 ilitoka Ghana ikaingia Texas, Marekani, kwa ajili ya biashara ya wanyama wa kufugwa nyumbani, na ndani yake walikuwamo buku. Muuzaji mmoja aliwaweka karibu na wanyama wa huko wa jamii ya kidiri, hao wa huko wakaambukizwa ugonjwa wa mpox, na watoto na wazazi wakawanunua na kuwapeleka nyumbani. Watu 47 katika majimbo sita walihesabiwa kuwa wagonjwa. Hakufa mtu. Serikali ya Marekani ikapiga marufuku kuingiza panya na jamaa zake kutoka Afrika. Na huko Florida, kwenye kisiwa cha Grassy Key, buku waliotoroka kwa mfugaji mmoja mwishoni mwa miaka ya 1990 walizaana porini, wakawapa maofisa kazi ya kuwawinda kwa miaka mingi.

Je, wajua kwamba ngawa wa Pemba ni mgeni? Yule mdogo mwenye madoa na mkia wa pete asili yake ni Asia, kuanzia Bara Hindi kwenda mashariki. Anapatikana pia Unguja, Ngazija na visiwa jirani zake, Bukini (Madagaska) na Sokotra, na watafiti wanaona ni watu waliomsafirisha kwa ajili ya zabadi, yale mafuta mazito yanayotoka kwenye tezi karibu na mkia, ambayo watengeneza manukato waliyatafuta kwa karne nyingi kwa sababu huifanya harufu idumu. Alifungiwa tunduni, akakwanguliwa kwa kijiko. Waliotoroka wakapata makazi mashambani, na leo mtu wa Pemba akipotelewa na kuku humlaani ngawa bila kukumbuka kwamba huyo alikuja na watu kwa jahazi.

Je, wajua kwamba mnyama mmoja wa Unguja aliangamizwa kwa sababu watu waliamini anafugwa? Huyo ni chui. Ilisadikiwa kwamba chui wengi si wa Mungu bali ni wa wenyewe, wachawi wanaowafuga kwa siri na kuwatuma kutisha majirani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 zikafuata kampeni za kuwasaka wachawi, zikiongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi, na chui wakauawa pamoja nazo. Watafiti Helle Goldman na Martin Walsh wameandika kwa kirefu habari hizi. Picha ya video ya mwaka 2018 ilizua matumaini, lakini chui tunayeweza kumwona kwa hakika ni yule aliyekaushwa makumbusho. Hakuna aliyewahi kuoneshwa tundu hata moja la chui wa kufugwa.

Kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, jirani na Unguja, nao waliponzwa na wafugaji: wanne waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, zawadi ya gavana wa huko. Kufikia 1955 walikuwa kiasi cha 200. Kisha wezi wakaja, wakiwauza ng'ambo kwa watu waliotaka kobe wa bustanini, hata mwaka 1996 wakabaki saba. Ukuta na ulinzi vilisaidia kuwarudisha.

Na fuko asiye na manyoya, anayeishi ardhini Kenya, Somalia na Ethiopia chini ya malkia mmoja kama mchwa? Mtafiti Jennifer Jarvis aliwachukua kutoka Kenya na kuwafuga maabara, na mwaka 1981 akaieleza dunia maisha yao. Wapo waliofikisha zaidi ya miaka 30 maabara, umri ambao hakuna panya mwenye ukubwa wao anayeukaribia.

Je, wajua, mwisho, kwamba popo wa Pemba aliokolewa bila tundu? Hapatikani popote pengine duniani. Mabawa yake yakikunjuliwa hufika mita 1.6, na jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka, kwa hiyo bunduki chache zilitosha kummaliza. Kitoweo chake kilipendwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliohesabiwa walikuwa elfu chache tu, na ng'ambo ikazungumzwa mipango ya kuwazalisha katika bustani ya wanyama. Lakini kazi kubwa ilifanyika vijijini: vilabu vya uhifadhi, walimu, wazee waliokubali miti fulani isiguswe. Mwaka 2007 makadirio yalifika popo kama 20,000.

Kutoka Madungu hadi Kidike, kijiji wanakolala popo hao, si mbali, unafuata barabara ya zamani ya Wete. Utalipa kiingilio kidogo kinachokwenda kijijini, na kijana wa hapo atakuonesha kwa kidole. Wananing'inia juu kama maembe meusi, wanajipepea kwa bawa moja, wanagombana. Hakuna anayewalisha. Ikikaribia magharibi watatoka kwenda kula mashelisheli na maembe ya watu, na wenye mashamba wanawajua kwa saa.