Vitone Vyekundu vya Agosti

Agosti 2019, dunia ilipokuwa ikiulilia msitu wa Amazon, ramani ya setilaiti ilizagaa mitandaoni: Angola na Kongo zimejaa vitone vyekundu kuliko Brazili. Watu wakauliza mbona Afrika inateketea na hakuna anayeshtuka. Kuuliza ni haki, ila ramani ilisomwa vibaya.

Kitone hakielezi ukubwa wa moto. Kifaa cha MODIS, kilichomo katika setilaiti za Terra na Aqua, huigawa ardhi katika miraba yenye upande wa kilomita moja. Mraba ukionekana wa moto kupita majirani zake, hutiwa alama wote, hata kama kilichowaka ni kona tu ya shamba. VIIRS, kilichorushwa 2011, kimepunguza mraba hadi mita 375. Kanuni ni ileile. Tena sehemu kubwa ya moto ule wa Angola na kusini mwa Kongo ilikuwa ya nyasi na mashamba, vitu vinavyochomwa karibu kila kiangazi na kuchipua mvua zikirudi. Msitu wa Amazon ukifyekwa na kuchomwa hauchipui hivyo.

Moshi nao hufuatwa kwa njia nyingine. Kwenye picha ya kawaida ni rahisi kuudhania wingu, kwa hiyo wataalamu hutumia miale ya urujuanimno: moshi huifyonza, wingu huirudisha. Ndiyo maana kila Agosti na Septemba moshi unaosukumwa na upepo kutoka Kongo, Zambia na Angola huonekana wazi juu ya Atlantiki, ingawa chini yake mawingu meupe yametanda.

Kuna na gesi. TROPOMI, kilichopanda angani Oktoba 2017 ndani ya Sentinel-5P, hupima nitrojeni dioksidi, ambayo hutoweka baada ya saa chache, na kaboni monoksidi, ambayo hudumu kwa wiki kadhaa na kuvuka bahari. Zikionekana zote mbili kwa wingi, chanzo kiko karibu, uwe moto wa nyika au foleni ya magari. Ikionekana ya pili peke yake, huenda moshi umetoka mbali.

Hata hivyo, vifaa hivi vya kufuatilia moshi na gesi hupima hewa yote, kutoka juu kabisa hadi ardhini. Moshi ulio kilomita tatu angani utaichafua picha ilhali mtaani mnapumua vizuri. Sentinel-5P hupita mara moja tu kwa siku, mapema alasiri. Takataka zinazochomwa jioni nyuma ya nyumba haizioni, na jiko la mkaa ndani ya chumba ndiyo kabisa.

Mwenye mtoto wa pumu anahitaji kipimo kilicho chini, kwenye hewa anayoivuta. Picha za setilaiti tunapewa bure. Halmashauri zetu zinunue vipimo vya mitaani, na matokeo yatangazwe kila siku kama utabiri wa mvua.