Mwili ni Amana: Kunyoosha Viungo kwa Utulivu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetuumba na kutukamilishia viungo vyetu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na aali zake na sahaba zake.

Enyi mama zetu na dada zetu, leo tunawapeleka mbali na bahari, hadi Suam. Suam ni kituo cha mpakani kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mlima wenye urefu wa mita 4,321. Mto wa jina hilo hilo ndio unaotenga Kenya na Uganda mahali hapo, kisha huteremka kaskazini na kuitwa Turkwel. Kutoka Kitale ni kiasi cha kilomita 45, kwa njia ya Endebess. Katika nchi hiyo ya Kitale na Bungoma tunao ndugu wengi. Karne ya 19 misafara ya biashara kutoka Pwani ilifika kwa miguu hadi Mumias, na Uislamu ukafika pamoja nayo. Kwa hiyo habari za mama wa huko ni habari za jamaa zetu.

Nchi ile ni ya mahindi. Mbegu hupandwa mvua zinapoanza mwezi wa Machi na Aprili, palizi hufuata, na mavuno huja mwishoni mwa mwaka. Katika kazi zote hizo mama huinama. Akitoka shambani hujitwika kuni, au hubeba dumu la maji, na mara nyingi mtoto yuko mgongoni. Asubuhi huamka katika baridi ya mlimani, viungo vimekaza. Mwenzake wa Pwani haijui baridi hiyo, lakini yeye naye huinama juu ya mbuzi akikuna nazi, huinama juu ya karai la nguo, na huketi kwa saa nyingi mbele ya jiko la maandazi. Kazi zao ni mbalimbali, na maumivu ni yale yale: kiuno, mabega, shingo na magoti.

Lililo zito zaidi ni yale ambayo mama huuambia mwili wake. Yuko aliyezaa watoto watano ambaye kila akijitazama husema, “Nimeharibika.” Yuko binti anayejipima kwa picha za kwenye simu, akauchukia umbo aliloumbiwa. Na yuko anayeutumikisha mwili mpaka ukaanguka, akadhani hiyo ndiyo subira. Mwili ni amana. Mwenye kuwekewa amana hana ruhusa ya kuitukana wala kuiharibu. Sahaba Abdullah bin Amr alipokuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha, Mtume (S.A.W.) alimzuia, akamkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake. Ikiwa haki hiyo haikuondolewa na ibada, itaondolewaje na palizi au sufuria?

Namna ya kuilipa haki hiyo tumekwisha kuionja katika dini yetu. Yule mtu aliyeswali kwa pupa msikitini alirudishwa mara tatu, kisha akafundishwa atulie katika rukuu, katika itidali na katika sijida, mpaka kila kiungo kikae mahali pake. Swala ni ibada, wala haiswaliwi kwa nia ya kunyoosha misuli. Lakini inatufunza jambo kubwa: kiungo kitulie, na moyo uhudhurie pale kilipo. Tena tumefundishwa kwamba mwanadamu ana viungo 360, na kila kimoja hudaiwa sadaka kila siku, na kwamba rakaa mbili za Dhuha hutosheleza. Vipi basi tusivijue viungo tunavyovitolea shukurani?

Tenga dakika kumi, baada ya Alfajiri au kabla ya kulala, katika chumba chako na pazia limeshushwa. Mkeka na ukuta vinatosha. Kwanza tembea kidogo mle ndani ili mwili upate joto, kwani misuli baridi huumia upesi. Kisha zungusha mabega polepole, na uinamishe shingo upande wa kuume na wa kushoto. Simama mlangoni, weka mikono kwenye miimo, usogee mbele taratibu mpaka kifua kifunguke. Piga magoti na viganja mkekani, upandishe mgongo, kisha uushushe. Lala chali, ukumbatie goti moja kifuani, halafu la pili. Mwisho tazama ukuta, uushike, peleka mguu mmoja nyuma na kisigino kikanyage chini, mpaka shavu la mguu livutike.

Mnyoosho wa kutulia ukae sekunde 15 hadi 30, pasi na kurukaruka. Pumzi iingie puani na itoke bila ya kuzuiwa. Mvuto usikike, maumivu yasiwepo. Wakati huo moyo usiende sokoni. Usikilize: wapi pamekaza, wapi pamechoka? Usipalaumu mahali hapo, bali sema Alhamdulillahi kwa kazi paliyofanya. Mawazo yakikimbia, yarudishe kwa upole.

Mjamzito, aliyejifungua karibuni na mwenye maradhi ya moyo au mifupa amuulize kwanza muuguzi au daktari. Na maumivu yanayoteremka mguuni pamoja na ganzi, au yanayokuja na kushindwa kuzuia mkojo, si ya kunyooshwa. Ni ya kupelekwa hospitali mara moja.

Wako wanaouliza: je, haya si yoga? Mwaka 2008 Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga yenye kuchanganywa na maneno ya ibada ya dini nyingine. Tahadhari hiyo ni ya haki. Ama kunyoosha mkono na mgongo, hilo si mali ya kaumu yoyote. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyaandika mazoezi ya mwili katika kitabu chake cha Qanun kuwa ni nguzo ya kuhifadhi afya.

Neno la mwisho ni la waume. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Mama wa shambani huzivuka kabla ya Jumatano. Anachokikosa ni kupumzika. Mnyoosho wa dakika kumi hautauponya mgongo unaobebeshwa mzigo wa watu wawili. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akiwatumikia watu wa nyumbani kwake, na alishindana mbio na Bi Aisha (R.A.), mara akashindwa, mara akashinda. Basi baba wa Suam na achukue dumu, na baba wa Pwani akune nazi, ili mama apate kuketi mkekani kwake bila ya kuitwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie afya katika miili yetu na utulivu katika nyoyo zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.