Zona: adui wa zamani anaamka wakati wazamu wa mwili wamechoka

Inaanza na maumivu: moto unaochoma upande mmoja wa mbavu, wa mgongo ao wa uso. Kisha siku mbili tatu, vilengelenge vyenye maji vinatoka kwa mstari. Hapa Masisi na Walikale mara mingi utasikia watu wakisema ni sumu, ao mtu amelogwa. Wanganga wanaita ugonjwa huo zona. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanauita mkanda wa jeshi.

Zona haitoki inje. Virusi vyake ni vilevile vya tetekuwanga, ile varisele ya utotoni. Mtoto akipona, virusi havitoki mwilini. Vinajificha katika mishipa ya fahamu, karibu na uti wa mgongo, na vinaweza kulala humo miaka makumi. Mwaka 1965 Edgar Hope-Simpson, munganga wa mji mdogo wa Cirencester, Uingereza, aliandika kwamba virusi hivyo vinaamka wakati kinga ya mwili imeshuka.

Basi nani anavizuia? Ni chembe T, aina moja ya chembe nyeupe za damu. Ni kama wazamu wa usiku: walishapigana na tetekuwanga, na wanakumbuka sura ya adui. Virusi vikiamka, chembe T zinaongezeka. Zile za CD4 zinatoa amri, zile za CD8 zinaua chembe za mwili ambazo zimeingiliwa. Ndiyo sababu wengi wetu hatupate zona.

Lakini wazamu wanapunguka: kwa uzee, kwa kansa, kwa dawa fulani kali, na zaidi kwa virusi vya SIDA, ambavyo vinashambulia hizo CD4 zenyewe. Ndiyo maana munganga akiona zona kwa kijana, anamuomba apime damu. Si kumuaibisha, ni kutafuta nani anaua wazamu wake. Na mtu aliyekimbia vita akaacha vidonge vyake vya ARV nyumbani, CD4 zake zinashuka. Ukifika pahali pa ukimbizi, uliza kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama karatasi yako imepotea.

Wengine wanasema mkanda ukizunguka kiuno mzima, mgonjwa anakufa. Si kweli. Kila mshipa wa fahamu unahudumia upande mmoja tu, ndiyo maana kwa kawaida mkanda unasimama katikati ya mwili. Vilengelenge vikisambaa mwili mzima, hiyo ni alama kwamba kinga iko chini sana, ao ni ugonjwa mwingine kama Mpox. Kimbia hospitali.

Mambo ya kushika:

– Fika kituo cha afya mbele siku tatu ziishe tangu vilengelenge vitoke. Dawa ya asikloviri inasaidia zaidi ikianzishwa mapema.
– Zona karibu na jicho inaweza kuleta upofu. Usingoje hata siku moja.
– Usipake majani, udongo ao mafuta ya moto. Osha kwa maji safi na sabuni, kisha funika.
– Zona yenyewe haiambukizi, lakini maji ya vilengelenge yanaweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajaipata. Kaa mbali na mama mwenye mimba na mtoto muchanga mpaka vikauke.

Kwa kawaida vidonda vinapona kisha wiki mbili mpaka nne. Kwa wazee, maumivu yanaweza kubaki miezi. Huyo naye arudi kwa munganga, maana kuna dawa za kuyatuliza.