Kampuni Ikuapo: Habari za Hati Zipasazo Kupelekwa

Wasikilizaji wetu wa Vwawa na pande zote za Mbozi, wengi hudhani ya kuwa kampuni ikisha kuandikishwa kazi ya hati imekwisha, na cheti ni cha kutundikwa ukutani. Sivyo. Cheti ni mwanzo wa wajibu, nao wajibu huongezeka kampuni ikuapo, pasipo mtu kuja kubisha hodi.

Tutwae mfano wa watu watatu wauzao saruji, mabati na misumari mpaka Tunduma. Kwa Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, kila mwaka siku yao ya kuandikishwa itimiapo, wana siku 28 za kupeleka taarifa kwa Msajili, yaani BRELA: majina ya wakurugenzi, hisa na wenye hisa, na mahali pa ofisi. Hata wasipouza msumari mmoja, taarifa yatakiwa. Tangu 2018 hati hizi hupelekwa kwa mtandao, kwa hiyo udhuru wa umbali wa Dar es Salaam, ambao zamani ulikuwa udhuru wa haki, haupo tena.

Lililo zito hasa ni mabadiliko. Mmoja wa wakurugenzi akijitoa, Msajili hana budi kuarifiwa katika siku 14. Wasipofanya hivyo, daftari litazidi kumtaja. Na benki ikilitazama kabla ya kukopesha, itakuta jina la mtu ambaye hana tena haki ya kutia sahihi. Kwa maoni yetu, biashara nzuri huweza kukwama hapo, wala si kwa uhaba wa wanunuzi. Kampuni iliyonyamaza miaka mingi yaweza hata kufutwa daftarini.

Kisha kuna Mamlaka ya Mapato. Kodi ya mishahara hulipwa kufikia tarehe 7 ya mwezi ufuatao. Watumishi wakifika kumi, huingia tozo ya kuendeleza ufundi. Mauzo ya miezi 12 yakifika shilingi milioni 200, kiasi kilichowekwa mwaka 2023, yapasa kujiandikisha kwa kodi ya ongezeko la thamani, na ritani yake ni ya kila mwezi, hata mwezi usio na biashara.

Yafaa basi karani mmoja akabidhiwe tarehe hizi zote, aziandike, na kila aajiriwapo mtu azitazame upya. Kumwita mhasibu kutoka Mbeya mwezi wa Juni hakutoshi: kwa kampuni ifungayo hesabu Desemba, ritani ya mapato hudaiwa tarehe 30 ya mwezi huohuo, naye mhasibu hawezi kuzifufua stakabadhi zilizopotea Januari.