Mawimbi ya Rangi katika Sabuni ya Mawese

Anayetaka kutia mawimbi ya rangi ndani ya sabuni isiyopikwa hushindana na muda. Rangi humiminwa katika dakika chache tu, sabuni inapokuwa na uzito wa uji mwepesi na tone likidondoka linaacha alama juu yake. Ikiwa nyepesi mno rangi huzama. Ikiwa nzito huganda mabonge. Mafundi wa sabuni wa Marseille, Ufaransa, walilijua jambo hili karne nyingi zilizopita: mishipa ya buluu ya sabuni yao ilimhakikishia mnunuzi kwamba haikujazwa maji, kwani katika sabuni yenye maji mengi mishipa ile ingezama.

Huku kwetu Kivu Kaskazini, Kongo, dakika hizo hutegemea mji. Mawese huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 35 hivi. Butembo iko juu ya mita 1,700, na asubuhi zake ni za baridi. Mchanganyiko ukipoa, mafuta huganda kabla soda haijafanya kazi, nawe unadhani sabuni iko tayari. Huo ni uzito wa uongo. Ukiikata baadaye utakuta chembechembe, pengine hata soda iliyojificha inayounguza ngozi. Butembo, changanya mafuta na maji ya soda vyote vikiwa na nyuzi 45 hivi. Beni ni chini zaidi na kuna joto. Nyuzi 38 zinatosha.

Kwa gramu 700 za mawese na 300 za mafuta ya kokwa za mchikichi, pima gramu 145 za soda kostiki na 340 za maji. Tumia mizani, kikombe hakitoshi. Vaa glavu na miwani. Soda ndiyo inayomwagwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya soda, na sufuria ya aluminiamu isikaribie kwa sababu soda huila. Koroga kwa mkono, maana mashine huharakisha mno. Mafuta ya karafuu nayo huharakisha, hivyo yaache siku ya mawimbi.

Wekundu wa mawese huwasumbua wengi: buluu ikiingia humo hugeuka kijani. Wapo wanaoyachoma mawese mpaka yapauke, lakini moshi wake ni mkali na moto hushika upesi, siwashauri. Afadhali kuutumia wekundu huo kama rangi ya kwanza, kisha kuongeza unga wa kakao, zao la Beni lenyewe, na unga laini wa mkaa. Rangi za vinywaji hufifia au kubadilika ndani ya soda.

Lainisha kila unga kwa kijiko cha mafuta, gawa sabuni katika mabakuli, kisha mimina kwa zamu ndani ya kalibu. Ukiinua bakuli juu, rangi hufika chini; ukilishusha, hubaki juu. Pitisha kijiti mara mbili tatu na uache. Ukiendelea, zote huwa kahawia.

Funika kalibu kwa blanketi, hasa Butembo, ukate baada ya siku moja au mbili.

Ama kuhusu kuuza, Mutwanga kulijengwa kiwanda cha sabuni cha SICOVIR cha kutumia umeme wa maji wa Hifadhi ya Virunga, na fundi wa nyumbani hawezi kukishinda kiwanda kwa bei. Anachoweza kuuza ni kipande kisichofanana na kingine. Basi asikiuze kabla hakijakauka wiki sita.