Fahamu: Imani ya muuguzi na kujiamini kazini
Muuguzi wa zamu ya usiku akikosa mshipa wa mtoto mara mbili, huku mama mtu amemkodolea macho, kinachomrudisha kwenye sindano si cheti pekee, bali pia imani na kujiamini. Upande wa imani, watafiti wengi hupima ustawi wa kiroho kwa dodoso la Paloutzian na Ellison la 1982: kauli 20, nusu zikimhusu Mungu, nusu zikigusa maana ya maisha. Kwa hiyo hata asiyesali ana alama zake. Kujiamini ni habari nyingine. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza kuwa chimbuko lake kuu ni kufanya jambo ukafaulu. Sala humtuliza muuguzi, sawa, lakini haimfundishi kutundika dripu. Na msimamizi anayejibu malalamiko ya uchovu kwa “mwachie Mungu” anakwepa kupanga zamu upya.